Kigugumizi cha Mashine ya Bi Eusebia

Mashine ya Bi Eusebia Mlowe ilikuwa imevaa sweta.

Sisemi kwa mzaha. Lilikuwa sweta la sufu, la bluu, lenye vifungo vinne, na juu yake kimetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma cha aina ile ile ambayo bibi zetu walifunikia redio. Mimi ni fundi wa kompyuta za gemu hapa Njombe mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimekuta panya ndani ya mashine, nimekuta uji, nimekuta hirizi imefungwa kwenye feni. Sweta sikuwa nimekuta.

"Shikamoo mama," nikasema, macho yangu yako kwenye vifungo.

"Marahaba mwanangu. Karibu, na usinishangae. Juni hii binadamu mwenyewe anatetemeka, sembuse chombo."

"Mama, chombo hakisikii baridi. Kinasikia joto."

"Ndivyo mnavyosema mafundi." Alisema hivyo kwa upole wa mtu ambaye ameshawasikia mafundi wengi na hakumwamini hata mmoja.

Bi Eusebia alikuwa na miaka sitini na minne. Aliendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu akaona kukaa kimya kutamuua. Ndipo akaanza kucheza Mteremko. Kama hujawahi kuucheza, unashusha lori la magogo mlimani, kwenye tope, mvua inanyesha, kiti kinakurusha na harufu ya miti ya msindano iliyolowa inakupiga puani kabisa. Siku ile saa tisa alasiri ilikuwa fainali ya Ligi ya Wastaafu, yeye dhidi ya mwalimu mmoja wa Makete ambaye hakupata kumtaja kwa jina. Alimwita "yule mwalimu", na midomo yake ikibana.

"Inaganda," akanieleza. "Nateremka vizuri, mara kiti kinakufa, barabara inasimama, halafu ghafla niko korongoni. Mwaka jana fainali ilinitoka hivyo hivyo. Mwaka huu sitaki." Akaninyooshea mikono yake yote miwili. Vidole vilikuwa vikitetemeka, kidogo, bila kupumzika. "Daktari kanipa msimu huu mmoja. Mwakani hata kikombe cha chai nitakishika kwa mikono miwili. Kwa hiyo leo ndiyo leo, fundi Yusta."

Nikaitazama ile mikono, roho ikaniuma. Halafu nikaivua mashine sweta nikiwa na uhakika wote duniani. Huo ndio ugonjwa wangu, kuwa na uhakika kabla sijapima.

Nilibandika karatasi yangu ya kupimia mgongoni mwa mashine. Ni karatasi laini, ukishaibandika inachora yenyewe kila kinachotokea ndani: joto, kazi, na muda ambao kila picha imechukua kufika kwenye kioo. Joto lilikuwa digrii tisini na moja. Nikapuliza vumbi, nikasafisha feni, nikarudisha mfuniko bila sweta. Likashuka hadi sitini na mbili.

"Kwisha kazi," nikajigamba, na mikono nikaifuta kabisa.

Bi Eusebia akaketi, akashika usukani, akateremka. Kwenye kona ya pili lori likaganda, kiti kikafa, na tulipoamka tulikuwa korongoni.

"Kwisha kazi, eeh?" akaniuliza.

*

Basi nikaanza kazi ya kweli.

Watu wengi huniletea wastani. Watakwambia, fundi, mashine yangu inatoa picha mia mbili na arobaini kwa sekunde, inawezaje kuganda? Ya Bi Eusebia pia ilikuwa ikitoa hizo mia mbili na arobaini. Lakini wastani ni mwongo mwenye adabu. Picha mia mbili thelathini na tisa zinaweza kuwahi, moja ikachelewa, na hiyo moja ndiyo inayokutupa korongoni. Kwa hiyo mimi siulizi ni ngapi. Nauliza ipi imechelewa, na nani kaichelewesha.

Ndani ya kompyuta ya gemu kuna wawili wanaotegemeana. Prosesa ndiyo inayoamua lori liko wapi, gogo linabingirika vipi, tope lina kina gani. Kadi ya picha inachora kile ilichoambiwa. Ukitaka kujua nani anamsubirisha mwenzake, mpunguzie mmoja kazi uone. Nikapunguza uzuri wa picha mpaka misindano ikawa vijiti na mvua ikatoweka. Bi Eusebia akalalamika kwamba nimemharibia mlima. Akateremka, akaganda pale pale. Kadi ya picha, kwa mujibu wa karatasi yangu, ilikuwa imekaa zaidi ya nusu ya muda haina la kufanya. Ilikuwa inasubiri maagizo. Basi anayechelewesha ni prosesa.

Ila hiyo prosesa ilikuwa ya mwaka jana, yenye nguvu za kuendesha gemu tatu na chenji ikabaki. Memori ilitosha. Diski ilikuwa nzima. Nikamwomba Bi Eusebia aiache gemu imesimama tu, lori limeegeshwa, tuone. Hata hivyo mstari wa prosesa kwenye karatasi ukawa unalala, unaruka, unalala, unaruka. Kuna mtu alikuwa akiipa kazi nyingine.

Dirisha la chumba kile linatazama ua wa jirani, Mzee Hongoli. Siku hiyo palikuwa na shughuli, wanawake wanapanga viti na kufuta meza.

"Babu, hivi viti viwekwe wapi?" sauti ya msichana ikauliza kule nje.

Mstari ukaruka.

Kimya kidogo. Mstari ukalala.

"Babu, sufuria kubwa nani kaazima?"

Mstari ukaruka tena. Nikajiambia ni bahati tu. Kisha nikaanza kuhesabu. Mara kumi na moja Mzee Hongoli alisemeshwa, mara kumi na moja mashine ya Bi Eusebia ilishtuka. Nikageuka. Mlangoni alikuwa amesimama mume wake, Baba Onesmo, na sinia la chai, na vikombe vilikuwa vinagongana.

"Fundi," akasema, "hebu njoo nje unitazamie waya mmoja."

*

Hakukuwa na waya. Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye rundo la kuni, akatazama kushoto na kulia kabla ya kufungua mdomo.

"Umeona nini mle?"

"Mkeo ana mpangaji ndani ya mashine, baba."

Akashusha pumzi. Kisha akanieleza, na mengine niliyajua. Mzee Hongoli alikuwa kiziwi wa miaka mingi, akisaidiwa na sikio la kuvaa, lile dogo kama punje ya maharage. Sikio lenyewe halina akili. Linakusanya sauti na kuzituma kwenye mtambo, mtambo unachambua nani kasema nini, unamrudishia mwenyewe maneno safi. Kampuni iliyotengeneza masikio hayo ilikuwa imefunga mitambo yake mwaka uliopita, na wazee chungu nzima wakaamka asubuhi na punje ya plastiki masikioni. Aliyekuwa na kompyuta yenye nguvu nyumbani akajiokoa kwa kuuweka mtambo humo. Ikiwa mbali zaidi ya hatua arobaini haifai, maneno yanafika wakati midomo ya msemaji imeshafungwa. Mzee Hongoli hakuwa na kompyuta. Alikaa miezi miwili akitabasamu na kuitikia kwa kichwa kila alichoambiwa.

"Nikamwazima kona," akasema Baba Onesmo. "Siku Mama Onesmo alipokwenda kwaya. Kona tu, fundi. Mbona watu wanaweka nyama kwenye friji la jirani? Nani anaombea kibali nyama?"

"Wanamwomba mwenye friji."

Tatizo ni kwamba mwenye friji alikuwa hasemi na mwenye nyama. Mji mzima ulijua. Mzee Hongoli aliukata mwanzi wa Bi Eusebia mpakani, katika msimu wa kugema ulanzi, pombe yake, akidai unanyonya maji ya maparachichi yake. Bi Eusebia akamwambia asimsemeshe tena mpaka mmoja wao azikwe. Mwaka wa sita ule.

"Mwambie ni vumbi," Baba Onesmo akaniomba.

"Vumbi nimelitoa mbele yake."

"Basi mwambie ni baridi. Baridi anaiamini."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Kisha nikakasirika. "Baba, leo kuna nini kwa Mzee Hongoli?"

"Posa ya mjukuu wake, Agnela. Wakwe wanakuja saa nane. Yeye ndiye wa kujibu kwa niaba ya ukoo."

Hapo ndipo nikaona nimewekwa pabaya. Kulifuta lile sikio kulikuwa kazi ya kubonyeza mara moja. Mashine ingekuwa laini, Bi Eusebia angeteremka kwa raha, na mzee angeketi mbele ya wageni akitabasamu na kuitikia lolote. Kulihamisha haikuwezekana, kwa sababu sikio likihama linakaa siku mbili likijifunza upya sauti za watu. Kulipunguzia kasi pia hapana, ningemfanya mzee ajibu maswali ya dakika iliyopita. Na kunyamaza? Kunyamaza ndiko kulikokuwa rahisi. Ningesema nimejaribu nimeshindwa, ningebeba mkoba wangu, na mwanamke mwenye msimu mmoja mikononi angekwenda korongoni bila kujua nani kamsukuma.

Nilimpenda yule mama, na Mzee Hongoli sikuwa na ugomvi naye. Lakini mashine ilikuwa yake. Mtu akikupa ufunguo wa nyumba yake ukakuta mgeni chumbani, humfukuzi mgeni kimya kimya, wala humfichi.

"Nakwenda kumwambia," nikasema.

"Nimekwisha," akasema Baba Onesmo, akakaa juu ya kuni.

*

Alinisikiliza mpaka mwisho. Usukani aliushika muda wote, ingawa lori lilikuwa limeegeshwa.

"Futa," akasema.

"Mama, ngoja nikueleze posa..."

"Nimeelewa posa. Nimeelewa sikio. Miaka sita huyu mtu hajaniomba radhi, kumbe anakula na kulala ndani ya mashine yangu! Fainali ya mwaka jana ilinitoka kwa sababu mtu fulani alimuuliza Hongoli kama ameshakunywa chai! Futa."

Nikaigeuza kibodi, nikaisogeza mbele yake. "Sawa. Mashine ni yako. Lakini mkono wangu hautazima sikio la mtu. Bonyeza mwenyewe, hapa."

Alinitazama kama anataka kunitoa nje kwa kola. Kisha akanyoosha kidole. Kilikuwa kinatetemeka, na sijui kama ni maradhi au hasira. Kilikaa pale hewani. Kule nje wageni walikuwa wanaingia, wanabisha hodi na kukaribishwa, na msichana mmoja akacheka kicheko kirefu cha aibu.

"Huyo ni Agnela?" Bi Eusebia akauliza.

"Ndiye," mumewe akajibu kutoka mlangoni.

"Amezaliwa ndani ya gari langu. Mvua kubwa, daraja limekatika, hospitali hatukuifikia. Hongoli alikuwa amekaa mbele, pembeni yangu, anaomba Mungu kwa sauti kubwa mpaka nikamwambia anyamaze nisikie injini." Akarudisha kidole. "Ametoka mtoto, akalia, na Hongoli akalia kuliko mtoto."

Akavaa miwani yake ya kuchezea.

"Liacheni," akasema. "Nitaendesha hivyo hivyo. Nimeendesha magari mabovu kuliko hili. Na wewe, Baba Onesmo, nenda huko, kaa nyuma ya viti, uwaombe waongee kidogo kidogo. Tutaongea mimi na wewe baadaye."

Baba Onesmo aliondoka haraka kama mtu aliyesamehewa kabla ya hukumu.

*

Fainali ni miteremko mitatu, anayeshinda miwili ndiye bingwa.

Wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Wakwe walikuwa wanajitambulisha, na kila mjomba alikuwa na maneno mengi. Mstari wangu uliruka kama kahawa inayochemka jikoni. Lori la Bi Eusebia liliganda mara saba. Yule mwalimu alishuka mlima peke yake, akafika, akapiga honi tatu za dharau.

Wa pili, ninaapa, sijapata kuona uendeshaji kama ule. Bi Eusebia aliniambia nikae dirishani. "Ukiona mtu anafungua mdomo, niambie." Basi nikawa namtazamia midomo ya wakwe. "Anataka kusema!" na yeye anakanyaga breki kabla mashine haijaganda, anangoja, anaendelea. "Kamaliza!" na anaachia. Alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nacheka, na jasho lilinitoka mwezi wa Juni Njombe. Akashinda kwa sekunde mbili. Akapiga honi nne.

Mteremko wa tatu ulipoanza, nikaona Baba Onesmo kule uani ameinama sikioni mwa Mzee Hongoli. Akamnong'oneza kwa muda. Mzee Hongoli akageuka, akatazama dirisha letu. Kisha akapeleka mkono sikioni, akatoa ile punje, akaitia mfuko wa koti.

Mstari kwenye karatasi ukalala, na safari hii haukuruka.

Lori likawa laini. Lilikuwa laini sana, mama alipiga ukelele wa furaha. Misindano ilipita, mvua ikang'aa, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, alikuwa mbele ya yule mwalimu kwa sekunde thelathini na sita. Mikono yake juu ya usukani ilikuwa imetulia kabisa. Nikafurahi mpaka machozi yakanilenga. Kisha nikasikia anasema, polepole:

"Fundi. Mbona haigandi?"

Ningeweza kumwambia wageni wanakula. Ilinijia mdomoni. "Amelivua sikio, mama. Baba Onesmo amemwambia."

"Na posa?"

"Mshenga yuko katikati ya kusema. Mzee anaitikia kwa kichwa."

Bi Eusebia alikanyaga breki, akavua miwani, akaja dirishani na kulifungua mpaka mwisho.

"Hongoli!" Sauti iliyowatoa watu barabarani miaka thelathini na moja. "Hongoli, vaa sikio lako wewe mzee!"

Ua mzima ukageuka, mshenga, wajomba, bibi harusi mtarajiwa na mkono mdomoni. Aliyeitwa tu ndiye hakugeuka. Alikuwa anatabasamu mbele yake na kuitikia jambo ambalo hakuna aliyelisema.

"Hongoli! Mtakuja kuibiwa mtoto mchana kweupe! Vaa!"

Agnela ndiye aliyemgusa bega babu yake na kumwonyesha. Mzee akatazama. Miaka sita hakuna aliyemwita kutoka dirisha lile, na sasa lilikuwa limejaa Bi Eusebia mzima, amejishika kiuno. Akaitoa punje mfukoni, akaivaa. Nyuma yangu mstari ukaruka.

"Unasemaje?" akauliza.

"Nasema sikiliza unachoulizwa! Mimi sihitaji huruma yako, nina breki!"

"Na gari lako umemwachia nani?"

Bi Eusebia akageuka, akaona sekunde zinakimbia kwenye kioo, akarudi kitini mbio. Uani watu walianza kucheka wote kwa pamoja, na kila kicheko kilimgandisha, naye aliteremka akiganda na kutukana na kucheka. Yule mwalimu alimpita kwenye daraja la mwisho. Alishinda kwa sekunde tatu.

Nilifikiri atalia. Aliiweka mikono magotini, ikaanza tena kutetemeka, akaitazama.

"Sekunde tatu tu," akasema. "Na nimesimama dirishani nusu dakika nzima. Mwambieni yule mwalimu ahesabu."

*

Wageni walipoondoka, Mzee Hongoli alikuja kwa mlango wa mbele. Alikuwa amebeba sahani ya ndizi na nyama, imefunikwa, na hakujua aiweke wapi.

"Wamekubaliana," akasema. "Nimesikia kila neno." Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Sikio langu linakaa wapi?"

Bi Eusebia akamshika mkono, akauweka juu ya mashine, pale palipokuwa na joto. Mzee akauacha pale.

"Fundi," Bi Eusebia akaniambia, "mimi nikisema, ule mstari unaruka?"

"Unaruka, mama. Sauti yoyote anayoisikia."

"Hongoli," akasema, na mstari ukaruka. Akanyamaza, ukalala. Akalirudia jina, ukaruka tena, naye akautazama kwa muda kama mtu anayesoma barua. Kisha akamvutia mzee kiti, akavuta na chake, akaanza kumwambia yote ambayo hakumwambia kwa miaka sita, kuanzia mwanzo.

Nilikusanya vifaa vyangu taratibu. Karatasi niliiacha imebandikwa, na mpaka natoka mlangoni ule mstari ulikuwa bado uko juu.